Hati ya Moyo Katika Njia ya Unyanyembe

Ardhi ya Unyanyembe, ambayo mji wa Tabora umekaa ndani yake katikati ya misitu ya miombo, haikupata umaarufu wake kwa bahari wala kwa mto, bali kwa miguu ya watu. Kabla reli haijafika mwaka 1912, kila kilichoingia na kila kilichotoka, pembe za ndovu na vitambaa vya merikani, ushanga na waya wa shaba, baruti, chumvi, habari njema na habari mbaya, kilikwenda juu ya bega au kichwa cha mwanadamu. Na mwanadamu huyo, aghalabu Mnyamwezi aliyeuona upagazi kuwa ndio mtihani wa utu uzima wake, alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka, chungu na posho yake mwenyewe, akashuka nao mpaka Bagamoyo kwa mwendo wa miezi miwili na nusu au mitatu, akivuka Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa adimu, Ugogo ambako hongo, yaani ushuru wa njia, ilikuwa nzito, na milima ya Usagara ambako kila hatua ilidai pumzi mpya. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, waliopanda njia hiyo kutoka pwani mwaka 1857, walihesabu siku 134 kabla ya kuingia Kazeh, kitovu cha Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba. Nao hawakuwa na mzigo kichwani, hali wapagazi wao walikuwa nao.

Mioyo iliyoiweza kazi ile hapana aliyeipima. Leo wajukuu na vitukuu wa wapagazi wale hulazwa juu ya kitanda chembamba, wakabandikwa vishikizo kumi vya nyaya kifuani, mikononi na miguuni, wakaambiwa watulie, na baada ya dakika chache wakatoka na karatasi yenye mistari ya vilima na mabonde, ambayo juu yake mashine yenyewe imechapa hukumu fupi: pengine si ya kawaida, mabadiliko yasiyo mahususi, ithibitishwe na tabibu. Mtu aliyekwenda hospitali kwa ajili ya cheti cha kazi, au kwa kichefuchefu cha siku mbili, hurejea nyumbani akiwa na hofu asiyokuwa nayo asubuhi. Wengine huificha karatasi ile chini ya godoro wasiitazame tena. Wengine huizungusha kwa kila mwenye koti jeupe, na kila mmoja huwapa jibu lake. Nataka kueleza jinsi moyo ulivyosomwa katika njia hii tangu zama za misafara hata leo, kwa kuwa naitakidi kwamba mwenye kujua hati ile ilitoka wapi, na ilitungwa kwa vipimo vya nani, haogopi kupita kiasi wala hapuuzi kupita kiasi.

Zama hizo palikuwa na elimu mbili za kumsoma mgonjwa katika Unyanyembe, na zote mbili zilikaa bega kwa bega sokoni. Ya kwanza ilikuwa ya wenyeji. Mfumu, yaani mganga, wa Kinyamwezi alipoendewa na jamaa za mgonjwa, kuku alichinjwa akapasuliwa, na viungo vyake vya ndani vikatazamwa kwa makini, alama hii ikipewa maana ya safari, ile maana ya ukoo, na nyingine maana ya mizimu iliyosahauliwa. Mimi si katika wale wanaodai kuwa viungo vya kuku vyaweza kufunua ugonjwa wa moyo wa mtu, haviwezi. Lakini katika utaratibu ule palikuwa na adabu moja inayostahili heshima: alama haikusomwa peke yake, bali ilisomwa pamoja na maisha ya mtu, alikotoka, aliyekosana naye, mzigo alioubeba, kifo kilichotokea nyumbani kwake, na dalili zilipokuwa na utata, haikuwa aibu kwa jamaa kuondoka na kwenda kwa mfumu wa pili.

Elimu ya pili ililetwa na Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani ya mrima waliojenga matembe yao Kazeh na Kwihara ya jirani. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Sheikh Snay bin Amir, wa kabila la Harthi, aliyeanza maisha yake Maskati akiwa mpika halua, akaja akawa tajiri wa pembe mwenye maghala na watumishi, na ambaye Burton, mtu mgumu wa kusifu, alimsifu kwa ukarimu wake na kwa wingi wa mambo aliyoyasoma. Watu wa namna yake walirithi tib, yaani utabibu, ya Kiislamu, ambayo ndani yake mapigo ya mshipa yalikuwa ni elimu kamili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuyagawa mapigo kwa mambo kumi, ukubwa wake, nguvu zake, kasi yake, ulaini wa mshipa, mpangilio wa pigo kwa pigo na mengineyo, akaonya kwamba mapigo ya kijana si ya mzee, ya aliyelala si ya aliyeamka, na ya aliyetoka kazini si ya aliyepumzika. Na Ibn al-Nafis, akiandika Misri katika mwaka 1242, alibainisha kwamba damu haipiti kutoka upande wa kuume wa moyo kwenda wa kushoto kwa tundu la siri, kama Wayunani walivyodhani, bali huzunguka kwa kupitia mapafu. Onyo lile la Ibn Sina, kwamba pigo lazima lipimwe kwa umri na hali ya mwenye pigo, lingetosha hata leo kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kupimia moyo.

Lakini tukio kubwa kuliko yote katika habari za moyo na njia hii ni la mwaka 1873, nalo halikufanywa na tabibu wa Ulaya wala na sheikh wa Maskati. Msafiri na mmisionari David Livingstone alikuwa amekaa Kwihara tangu Februari 1872, kwanza pamoja na mwandishi Henry Stanley, kisha peke yake, akingoja watu aliotumiwa kutoka pwani. Agosti akaondoka nao kwenda kusini, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliazimia kumrudisha kwao. Kazi ya kuufungua mwili ilimwangukia Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa tabibu mmoja Unguja na aliyapata huko maarifa machache ya upasuaji. Alitoa moyo na viungo vya ndani, vikatiwa katika kisanduku cha bati vikazikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa bafta na gome la mti. Waliosimama karibu waliona bonge la damu lililoganda, kubwa kama kiganja cha mtu mzima, upande wa kushoto. Na Farijala akawaonyesha mapafu yaliyokauka, yenye madoa meusi na meupe. Ushahidi huo Susi na Chuma walikuja kuutoa Uingereza, ukaandikwa, na hata leo hapana mwingine unaoshinda huo katika kueleza kifo kile. Kila nisomapo habari hii hupata heshima mpya kwa Farijala, kwa kuwa mtumishi asiyekuwa na shahada aliyaona aliyoyaona, akayashika, na hakuongeza neno.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo msafara wa maiti uliingia Unyanyembe, ukamkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumsaidia Livingstone, pamoja na Dr. Dillon, tabibu aliyekuwa mgonjwa kuliko wengi aliowatibu, ambaye alikufa njiani mwezi uliofuata. Cameron aliwashauri wazike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ulipofika London palikuwa na shaka: je, maiti hii kavu, iliyochukuliwa na wapagazi miezi tisa, ni yake kweli? Sir William Fergusson, daktari mpasuaji, hakutazama uso, kwani uso ulikuwa hautambulikani. Alitafuta mkono wa kushoto, akaupata mfupa wa juu uliovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844 ukaunga vibaya, na hapo shaka ikaisha. Alama ya miaka 30 iliyopita, iliyojulikana na kuandikwa wakati wake, ndiyo iliyoifanya alama ya siku ile isomeke. Kama hapangekuwa na habari za simba yule, mfupa uliounga upande ungekuwa ni mfupa uliounga upande tu, usiokuwa na maana mahususi.

Baada ya hapo utabibu wa Kizungu ulianza kuweka makazi katika njia hii. Dr. Ebenezer Southon wa London Missionary Society alikaa Urambo kwa Mtemi Mirambo kuanzia mwaka 1879, hata mwaka 1882 alipofariki kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Na Jacob Wainwright, yule yule aliyesoma sala kwa Chitambo, alifia Urambo mwaka 1892. Mapadre Weupe nao waliweka misheni zao toka Tabora mpaka ziwani, na Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, alifika Adrien Atiman: mtoto aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa, akauzwa, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akaitwa kuwatibu watu wa nchi asiyoijua. Alitibu Karema kwa zaidi ya miaka 65, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewaona watoto, kisha watoto wa watoto wao, akayajua mapigo ya kila nyumba, alikuwa na kitu ambacho hospitali zetu nyingi zenye mitambo bora hazinacho: alijua kila mgonjwa alivyokuwa jana.

Wakati Atiman akitumia mkono na sikio, Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java, alikuwa Leiden nchini Uholanzi akitafuta jinsi ya kuufanya moyo uandike wenyewe. Mtambo aliouarifu ulimwengu mwaka 1901, na kuueleza kwa ukamilifu mwaka 1903, ulikuwa na uzi mwembamba sana uliotundikwa baina ya sumaku kubwa, ukicheza kwa kila mpito wa umeme wa moyo. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 270, yaani mizigo ya wapagazi wanane au tisa, na watu watano walihitajika kuuendesha. Mgonjwa aliketi akitumbukiza mikono yake miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa mtambo haukuweza kwenda hospitali, Einthoven alipitisha umeme wa mioyo ya wagonjwa katika waya wa simu kwa umbali wa kilomita 1.5. Herufi alizozipa vilima vya mstari ule, P, Q, R, S na T, ndizo zitumikazo hata leo, na mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Yafaa msomaji aelewe vilima hivyo vinasema nini, maana havina siri. Moyo hupiga kwa amri ya umeme wake mwenyewe. Amri hiyo huanzia juu, katika chumba cha kuume, ikatawanyika katika vyumba viwili vya juu, na hapo huandikwa kilima kidogo, P; hukawia kitambo penye mpaka wa vyumba vya chini, kisha hushuka kwa kasi katika misuli minene inayosukuma damu, na hapo huandikwa ncha ndefu za Q, R na S; mwisho misuli hiyo hujitayarisha kwa pigo jingine, na hapo huandikwa T. Karatasi hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04 na kila mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Kwa vishikizo kumi mashine hupata sura 12 za moyo mmoja, kila sura ikiutazama kutoka upande wake. Hayo ndiyo yote: karatasi ni waraka ulioandikwa na umeme katika muda wa sekunde kumi hivi, na kama waraka wowote, husomeka vema na yule amjuaye aliyeuandika.

Kwa nini basi waraka huo mara nyingi haueleweki? Sababu za kwanza ni za mikono. Kishikizo cha mkono wa kulia kikibandikwa wa kushoto, vilima hupinduka kana kwamba moyo umehama upande. Vya kifuani vikipandishwa ubavu mmoja juu, kovu lisilokuwapo huonekana. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi au kwa hofu, au jasho likilegeza gundi, mstari hujaa michirizi. Haya hutokea kila mahali duniani, na dawa yake ni kurudia kipimo kwa utulivu kabla ya kumtamkia mtu neno zito.

Sababu kubwa zaidi imo katika mipaka yenyewe ya kile kinachoitwa kawaida. Mipaka ambayo mashine nyingi huitumia ilitungwa kwa mioyo ya watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1949 Sokolow na Lyon, matabibu wa San Francisco, waliweka kanuni mashuhuri ya kujumlisha kina cha S katika sura moja ya kifua na kimo cha R katika nyingine, na jumla ikifika milimita 35, msuli wa chumba cha kushoto hudhaniwa kuwa umenenepa. Kanuni hiyo ni nyepesi kwa hesabu, lakini mtu mwembamba wa kifua, ambaye moyo wake u karibu na ngozi, huandika ncha ndefu hata akiwa mzima kabisa; na imethibitika mara nyingi kwamba kanuni za namna hiyo huwatuhumu watu wenye asili ya Afrika kwa unene wa moyo wasiokuwa nao, zaidi ya wanavyotuhumiwa wengine.

Hapa nawarudia wapagazi. Mwaka 1899, wakati misafara ya Tabora ingali inatembea, Salomon Henschen wa Uppsala nchini Sweden aligonga kwa vidole vifua vya watu walioshindana kuteleza juu ya theluji masafa marefu, akatambua kwamba mioyo yao ilikuwa mikubwa kuliko ya watu wengine, na kwamba ukubwa huo ulikuwa ni tunda la kazi, si la maradhi. Theluji ile ilipata mwanachuoni wake. Mgunda Mkali haukumpata. Laiti mtu angelimlaza kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, wa Kinyamwezi penye kivuli cha mwembe wa Kwihara, akamwekea mtambo uliokuwa haujabuniwa, bila shaka angeliona mapigo ya taratibu, chini ya 60 kwa dakika, ncha ndefu, na mstari uliopanda kidogo kabla ya T; na mashine ya leo, isiyojua habari za frasila mbili na miezi mitatu, ingelimwandikia: si ya kawaida. Moyo uliokuwa na nguvu kuliko yote katika Afrika Mashariki ungelitiwa mashakani kwa sababu ya nguvu zake. Mwongozo wa wataalamu wa mataifa wa mwaka 2017 wa kuwapima wanamichezo unakubali kwamba kwa mwanamichezo mweusi mstari uliopanda kwa namna fulani na kufuatiwa na T iliyopinduka katika sura nne za kwanza za kifua, akiwa hana dalili wala urithi wa maradhi, ni hali ya uzima. Mkulima wa Sikonge alimaye kwa jembe la mkono, au kijana asukumaye baiskeli ya mkaa toka alfajiri, si mwanamichezo kwa jina, lakini moyo wake haujui tofauti hiyo.

Hata hivyo hoja hii ina hatari yake, nayo ilikwisha kutudhuru. Katika zama za ukoloni ilisadikiwa kwamba Mwafrika hana maradhi ya moyo ya namna ya Wazungu. Mwaka 1929 tabibu Donnison alichapisha vipimo vya presha alivyochukua kwa watu 1,000 wa Kavirondo, Kenya, akaeleza kwamba presha yao haikupanda kwa uzee bali ilielekea kushuka baada ya miaka 40. Mwaka 1956 Trowell na Singh wa Uganda waliona inafaa kuandika makala nzima juu ya Mwafrika mmoja tu aliyezibwa mishipa ya moyo. Na baina ya miaka hiyo, mwaka 1948, Davies wa Kampala alieleza ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani ya moyo, uliokuwa ukiwaua vijana wa Uganda huku vitabu vya Ulaya vikiwa havina habari nao. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kila mstari wa ajabu katika kifua cha Mwafrika ni maumbile tu, hukosea sawasawa na mashine inayosema kila mstari wa ajabu ni maradhi. Wote wawili wamehukumu bila kumtazama mtu.

Yale aliyoyaona Donnison yamekwisha kubadilika. Wajaluo, wenyeji wa Kavirondo, waliohama vijijini kwenda Nairobi, kama ilivyochapishwa mwaka 1990, walipanda presha katika miezi michache tu ya kukaa mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi waliyoila ilikuwa imeongezeka. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alikuwa na presha ya juu. Katika njia yetu hii chumvi ina nasaba ndefu: visima vya Uvinza, magharibi ya Tabora, vilichemshwa chumvi tangu karne ya 5 au ya 6, nayo ilikuwa mali ya thamani iliyobebwa kwa siku nyingi, ikalipiwa hongo, ikagawanywa kwa kiasi. Mpagazi aliyetoka jasho toka mapambazuko hata adhuhuri alihitaji ile chembe aliyoipata. Mjukuu wake aketiye ofisini au dukani huipata bila kiasi, katika chipsi, katika supu ya asubuhi, katika viungo vya pakiti, na hana jasho la kuitoa.

Tena ipo tumbaku. Ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulichagua Urambo kuwa moja ya sehemu zake tatu, ukaanguka mwaka 1951, na juu ya ardhi iliyofyekwa tumbaku ikashika mahali pa karanga, hata mkoa wa Tabora ukawa katika mikoa ya kwanza ya zao hilo nchini. Simwambii mkulima aling'oe kesho; karo za watoto zimetoka humo. Namwambia tu kwamba hana sharti la kukivuta anachokiuza. Na kwa watoto hao wanaosomeshwa, kuna jambo jingine la kuangaliwa: maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa kwa penisilini yaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo kimyakimya, na mlango ulioharibika hujulikana kwa sikio la tabibu na kwa kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kuliko kwa mstari wa umeme.

Tukijua hayo, twaweza kuiuliza karatasi isiyoeleweka swali lililo zito kuliko yote: yatabiri nini? Jibu lililo bora nalijua kutoka Chicago. Wafanyakazi wanaume wa kiwanda cha Western Electric, waliokuwa na umri wa miaka 40 mpaka 55, walianza kupimwa mwaka 1957, wakafuatwa kwa miaka 29. Wale ambao mabadiliko madogo yasiyo mahususi ya mstari na ya wimbi la T yalionekana kwao tena na tena katika vipimo vya miaka mbalimbali, walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wale waliokuwa hawana. Zingatia neno tena na tena. Karatasi moja yenye mashaka haikuwa hukumu. Karatasi zilizofuatana, zikisema lile lile, zilikuwa ni onyo la kweli, lililokuja miaka mingi kabla ya balaa, wakati presha yaweza kushushwa, sigara yaweza kuachwa, na kisukari chaweza kudhibitiwa. Kinyume chake nacho ni kweli: karatasi safi si dhamana, maana mshipa ulioziba nusu waweza usiandike lolote mtu akiwa amelala kwa raha.

Ni hapa ninapoona upungufu wetu mkubwa, nao si wa mitambo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete ipo Tabora. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hupasua na kuzibua mioyo ya wagonjwa ambao zamani walisafirishwa India, na wataalamu wake wamekuwa wakizuru mikoani. Lakini mgonjwa wetu aghalabu huja mikono mitupu. Karatasi ya mwaka wa kwanza ililowa mvua, ya mwaka wa tatu ilibaki kwa tabibu aliyehamishwa, wino wa nyingine umefifia kwa kuwa karatasi ya joto haivumilii jua. Na kila tabibu huanza upya, kama Fergusson asiyejua habari za simba.

Basi wewe uliyepewa hati yenye shaka, itoe chini ya godoro. Ipige picha kwa simu kabla wino haujafifia, iandike tarehe, umri wako, presha yako siku ile na sababu iliyokupeleka, uiweke pamoja na zilizotangulia na zitakazofuata. Muulize tabibu mambo manne: je, vishikizo vilikuwa mahali pake, je, mstari huu unatofautiana na wa zamani, je, nahitaji ECHO, na je, nirudi lini kupimwa tena. Mweleze kazi ya mwili wako, waliokufa ghafla katika ukoo wako, na kama umepata kuzimia ukiwa mbioni au kazini, kwani jambo hilo moja lina uzito kuliko vilima vyote. Pima presha hata kama huumwi, na ikizidi 140 juu ya 90 siku mbalimbali, anza tiba wala usiiache kwa sababu umepata nafuu. Lakini kifua kikikubana kama kilichofungwa kamba, maumivu yakapanda taya au yakashuka mkono, jasho baridi likakutoka na pumzi ikakupungukia, usitafute karatasi ya zamani wala usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile.